Nani Amegusa Gitaa la Stili

Stili alianza kuwashuku wenzake Jumamosi ya kwanza ya mwaka, saa nane na dakika chache mchana, mara tu alipomaliza kusoma lengo lake la tatu.

Bendi yao ilikuwa ya watu wanne, na kila mwaka mpya walikuwa na mtindo wao. Kabla hawajapiga hata wimbo mmoja, kila mtu alitoa karatasi mfukoni akasoma anachotaka kufanya na muziki wake mwaka huo. Wengine walimtania kidogo, kisha karatasi zikabandikwa ukutani zikae hapo mpaka Desemba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya nyuma ya duka la rangi. Ndoo tupu ndizo viti, na ukitoka mazoezini shati lako linanuka kama ukuta uliopakwa jana.

Mkubwa wa bendi alikuwa Nesi, mama wa makamo aliyefanya kazi wodi ya wazazi na kupiga kinanda na kuimba. Ngoma zilikuwa za Kinyozi, ambaye jina lake na kazi yake ni kitu kimoja. Gitaa la besi lilikuwa la Shemeji, kaka wa mke wa Stili, mwalimu wa udereva, mtu mpole aliyezoea kukaa kiti cha pembeni huku mwanafunzi akielekea mtaroni na yeye akisema taratibu, kulia kidogo, kulia kidogo.

Stili naye aliitwa hivyo kwa sababu ya gitaa la stili, lile linalolazwa mapajani kama mtoto anayebadilishwa nepi. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, na sauti inatoka ikivutika kama mtu anayelalamika kwa adabu. Kwenye gitaa la kawaida vidole vinabana palipogawanywa tayari. Kwenye stili hakuna kubana. Mahali pa sauti panatafutwa na sikio, na sikio likiridhika ndipo chuma kinatulia. Kwa miaka thelathini Stili alijivunia sikio lake kama wengine wanavyojivunia nyumba ya ghorofa.

Lengo lake la kwanza mwaka huo lilikuwa kujifunza njia mpya ya kupanga nyuzi. La pili, kurekodi nyimbo sita. Kinyozi alimtania kwamba sita ni nyingi, watu watasinzia kwenye ya tatu, wakacheka wote. Kisha akasoma la tatu: mwezi wa sita, kwenye sherehe ya bendi kutimiza miaka kumi na tano, atapiga wimbo mmoja peke yake, bila besi, bila kinanda, bila ngoma.

Hakuna aliyemtania. Kinyozi akainama chini ya kiti kutafuta fimbo ya ngoma ambayo ilikuwa mkononi mwake. Shemeji akaanza kuifuta besi iliyokuwa safi. Nesi ndiye aliyepata la kusema.

“Peke yako kabisa?”

“Peke yangu kabisa. Kuna ubaya?”

Nesi akasema hakuna ubaya, ila mwezi wa sita ni mbali, wataangalia. Akapokea karatasi, akaibandika ukutani, na Stili akaona kwamba za wengine zilibandikwa kwa gundi pembe nne, yake pembe moja tu. Ikaning'inia.

Mtu mwingine angesahau. Stili hakuwa mtu wa kusahau. Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya, na siku wanakwaya walipomwambia wanadhani sauti ya kwanza inafundishwa kwa kasi mno, aliweka daftari la nyimbo mezani, akatoka, na tangu siku ile hakuimba tena, hata bafuni. Alikuwa na kumbukumbu ndefu ya nyuso za watu. Uso wa Nesi alipouliza “peke yako kabisa” aliuchukua akaenda nao nyumbani.

Juma lililofuata alimaliza mazoezi, akafika barabarani, akakumbuka kofia. Aliporudi aliwakuta wenzake watatu wamesimama mlangoni vichwa vimekaribiana, Nesi akiongea kwa mikono. Walipomwona wakanyamaza. Kinyozi akasema jua la leo kali. Stili alichukua kofia yake, akakubali kwamba jua ni kali, akaondoka akihesabu hatua ili asigeuke nyuma.

Jambo la kinanda ndilo lililomkata maini. Jumamosi ya tatu aliwahi kufika, na akiwa bado kwenye kijia cha pembeni mwa duka akasikia gitaa la stili likipigwa ndani. Alisimama. Wimbo ulikuwa wao, na sehemu ilikuwa yake, ile ya katikati anayoipiga kwa machozi. Aliyeipiga aliipiga vizuri, kwa baridi kidogo, lakini bila kosa. Stili akasukuma mlango kwa ghafla, akitegemea kumkuta kijana mgeni ameketi kwenye ndoo yake. Alimkuta Nesi peke yake, vidole kwenye kinanda. Nesi alibonyeza kitufe haraka na sauti ikageuka kuwa ya filimbi.

“Kinanda kipya kina sauti mia tano,” alisema. “Nilikuwa nazipitia tu.”

Stili akamwambia hongera. Lakini sasa picha ilikuwa imekamilika kichwani mwake: walikuwa wanamtafutia njia ya kumtoa. Wala hawakuhitaji mtu mwingine. Walikuwa wamempata ndani ya boksi la plastiki. Ndiyo maana hawakutaka apige peke yake mwezi wa sita. Unawezaje kumfukuza mtu ambaye watu wametoka kumpigia makofi?

Kuanzia hapo alianza kuchunguza kila kitu, na mwenye kuchunguza kila kitu hakosi kitu. Alikuwa na kanuni yake: gitaa linatuniwa, nyuzi zikikazwa na kulegezwa mpaka sauti zilingane, nyumbani, katika utulivu, Ijumaa jioni, kisha haliguswi mpaka limepigwa. Wanaojikazia nyuzi mbele za watu aliwafananisha na wanaochana nywele mezani. Jumamosi ya nne alivunja kanuni yake mwenyewe. Alipolitoa gitaa ndani ya kasha pale stoo, alizigusa nyuzi moja moja, polepole, kwa kidole gumba. Nyuzi mbili nyembamba zilikuwa zimeshuka. Hakuna shaka. Aliziacha sawa jana yake, na sasa zilikuwa chini.

Gitaa lilikuwa limetoka nyumbani kwake kwenda mazoezini ndani ya gari la Shemeji, lile la shule ya udereva lenye breki mbili. Stili alikuwa ametangulia kwa miguu kwa sababu alipenda kunyoosha viungo baada ya kazi. Kwa hiyo kwa dakika ishirini kila Jumamosi, gitaa lake lilikuwa mikononi mwa Shemeji peke yake.

Alikaza nyuzi zile mbili mbele yao, waziwazi, akiwaangalia mmoja mmoja. Wakaangaliana. Siku hiyo muziki ulikuwa mbovu kuliko siku yoyote aliyoikumbuka. Nyimbo hazikushikana. Kinyozi aligonga kama mtu aliyefukuzwa, na baada ya wimbo wa nne Nesi akasema kichwa kinamuuma, wafunge. Saa tisa na nusu. Stili aliona ni ushahidi tosha: siku aliyoharibu hila yao, wamekosa hamu ya kupiga.

Nyumbani hakumwambia mkewe lolote la maana. Mama watoto alikuwa mshona mapazia, cherehani yake ikiwa chumba cha mbele karibu na dirisha, na mhusika ni kaka yake wa tumbo moja. Alimuuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama kaka yake siku hizi ana matatizo yoyote.

“Matatizo gani?”

“Hata sijui. Ya rohoni.”

Mkewe akasema kaka yake ana tatizo la goti. Akaendelea kushona.

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi, Stili alikuwa mtu wa mashine ya kukunja karatasi. Ilikuwa kubwa kama chumba, ikimeza karatasi pana upande mmoja na kuzitoa kurasa upande wa pili kwa kelele ya mabati yanayopigwa mawe. Kwa miaka ishirini na saba alisimama mahali palepale, mashine ikiwa kushoto kwake. Ilikuwa pale, akizitazama penseli nyembamba ngumu wanazotumia kuwekea alama za kukatia, ndipo alipopata akili ya mtego.

Ijumaa jioni alitunia gitaa lake kama kawaida, kwa subira, mpaka kila uzi ukamridhisha. Kisha akachukua penseli, na kwenye kila kishikizo cha kukazia nyuzi akachora mstari mwembamba kama unywele, unaoanzia kwenye kishikizo na kuishia kwenye mbao. Mtu akikizungusha hata kidogo, mstari utavunjika katikati. Akafunga kasha, akaliacha mahali pake nyuma ya kochi. Kesho yake ataikagua mistari mara mbili: saa sita akirudi kutoka kazini, kabla Shemeji hajafika, na tena stoo. Alitaka kesi isiyo na mwanya.

Saa sita na robo mchana alifungua kasha akiwa bado na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Mistari miwili ilikuwa imevunjika. Ile ya nyuzi mbili nyembamba.

Shemeji alikuwa hajafika.

Stili alikaa kwenye kochi na kasha wazi miguuni. Chumba cha mbele cherehani ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda. Watoto wao walikuwa wakubwa na kila mmoja kwake. Tangu jana jioni nyumba ilikuwa na watu wawili, na mmoja ni yeye. Alijaribu kufikiri juu ya panya, juu ya joto, juu ya mbao kuvimba. Alikumbuka pia jinsi mkewe anavyoongea na kaka yake kwenye simu siku hizi, kwa sauti ya chini, na akiingia yeye mazungumzo yanahamia kwenye goti. Kumbe wanamzunguka mpaka ndani ya nyumba yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua sababu. Kwa wenzake alikuwa ameshawapatia sababu. Kwa mkewe hakupata.

Alikwenda mazoezini, akapiga bila kugusa kitu, akarudi, akala, akalala. Juma zima alikuwa mpole kupita kiasi, na mkewe alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, alimwambia msimamizi kwamba jino linamsumbua, akavua koti la kazi, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Cherehani ilikuwa kimya. Alivua viatu kwenye ukumbi mdogo kama mwizi. Mlango wa sebuleni ulikuwa umerudishwa tu, na kupitia upenyo akaona.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi, gitaa limelala mapajani mwake juu ya kitambaa cha pazia ili lisikwaruzwe. Miwani ya kushonea ilikuwa puani. Kwenye ncha ya gitaa alikuwa amebana kifaa kidogo kama kibanio cha nguo, chenye kioo kinachowaka. Alidonoa uzi mwembamba kuliko wote, akatazama kioo, akazungusha kishikizo kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akadonoa tena. Kisha akaziba kifaa kwa kiganja asikione, akasikiliza kwa masikio yake mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

Stili alisukuma mlango. Mkewe alishtuka lakini hakuruka. Aliliwekea gitaa mkono kwanza lisianguke.

“Umerudi mapema,” alisema.

“Tangu lini?”

Hakujifanya haelewi. Aliondoa kile kifaa, akakiweka mezani, akavua miwani. Akamwambia ni mwaka mmoja na miezi minne. Ilianza kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu, bendi ilipoalikwa kupiga. Alikuwa ameketi katikati ya watu, na kwenye wimbo wa pili akaona watu wanakunja nyuso kila gitaa la mumewe linapopanda juu. Alidhani ni spika. Akamuuliza kaka yake, na kaka yake akaangalia chini. Spika hazikuwa na kosa.

“Zile nyuzi mbili unazikaza mno,” alisema. “Kila Ijumaa. Mimi nakusikia kutoka chumba cha cherehani. Miaka thelathini nakusikia ukitunia, baba watoto, najua zinavyotakiwa kulia kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Sasa zinafika pale, na wewe unapita.”

Stili akasema hilo haliwezekani. Akasema kuna mtu amemdanganya, na kwamba kile kinanda kipya cha Nesi kinaeleza kila kitu.

“Kinanda anakipiga pamoja na wewe ili kikufunike,” mkewe akajibu. “Mimi natengeneza nyuzi, lakini ule mkono wako wa kushoto siwezi kuutengeneza. Nao umeanza kupita. Sasa ukisema unataka kupiga peke yako, nani atakufunika?”

Alimuuliza kwa nini hawakumwambia. Mkewe akakunja miwani yake.

“Kwaya walikwambia kitu kimoja tu.”

Hakukuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali ugomvi. Stili alikwenda kukaa uani kwenye ngazi, na Shemeji alipokuja saa saba kuchukua gitaa aliambiwa leo hakuna. Wiki mbili hakuna. Katika wiki hizo mbili Stili alirudi nyuma mwaka mzima na miezi minne, sherehe moja baada ya nyingine, akifumua kila sifa aliyopewa. Yule bwana harusi aliyemshika mkono kwa mikono miwili, alikuwa anamshukuru au anampa pole? Na kwa nini mpiga picha alihamia upande wa pili wa ukumbi? Makofi yote aliyoyapokea aliyaona sasa kama yale wanayopigiwa watoto wadogo. Tuhuma zake za mwanzo zilikuwa ngumu, lakini zilimwacha yeye akiwa mpigaji hodari aliyeonewa. Hizi mpya hazikumwachia hata hilo.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kumwamini yeyote kwa maneno, hata mkewe. Siku moja mkewe akiwa amekwenda kupeleka mapazia, alitunia gitaa kwa sikio lake mpaka akaridhika, kisha akabana kile kifaa. Mshale ulikwenda kulia, upande wa uzi uliokazwa mno, kioo kikawa chekundu. Alirudia. Nyekundu. Akaamua kifaa ni kibovu. Alikwenda mpaka duka la vyombo vya muziki, akaomba kujaribu kingine, akakijaribu palepale kwenye kona kwa gitaa la dukani. Nyekundu. Muuzaji akamwambia kwa heshima, mzee, legeza kidogo. Akaomba cha tatu, cha rangi nyingine. Muuzaji akamletea.

Hospitalini alikwenda peke yake. Fundi wa masikio alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yake wa kwanza. Alimwingiza kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, akamvisha vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Baada ya muda mrefu akamwambia sasa atamchezea milio miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na amwambie upi uko juu.

Stili alisikiliza. Swali lilikuwa jepesi. Akasema wa kulia uko juu, wa kushoto uko chini, karibu nusu hatua. Binti akarudia. Stili akatoa jibu lile lile, akiwa na uhakika wa mtu anayeulizwa jina lake.

“Ni mlio mmoja, baba,” binti akasema. “Mashine inatoa mlio ule ule pande zote mbili.”

Stili aliomba avigeuze vile vipokea sauti, cha kushoto kiwe kulia, kwa sababu huenda kimoja kina hitilafu. Binti hakukasirika, pengine Stili si wa kwanza kuomba hivyo. Akavigeuza. Mlio ukaja kulia, mzuri, mahali pake. Ukaja kushoto, ukiwa umeshuka, kama mtu yule yule aliyechoka. Stili alivua vipokea sauti akavishika mapajani kwa mikono miwili.

Binti alimweleza taratibu. Kelele za miaka mingi zimelila sikio la kushoto, hasa kwenye sauti nyembamba. Linasikia bado, lakini linamdanganya: linaishusha sauti, na yeye anaikaza ili kuipandisha. La kulia ni zima kwa umri wake. Halitarudi lile la kushoto, ila anaweza kulizuia lisiendelee kuharibika, na akiwa anapiga anaweza kuliziba kabisa, amsikilize mkweli peke yake. Hilo ndilo neno alilotumia, mkweli, na Stili akalishika. Akauliza swali moja: limekuwa likimdanganya kwa muda gani? Binti akasema haiwezekani kujua, labda miaka miwili, labda mitano.

Miaka mitano. Alikwenda nayo hadi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alimwambia mkewe avae viatu. Walikwenda stoo kwa miguu, yeye mwenyewe amebeba kasha. Wenzake walisimama walipomwona, na Nesi akaanza sentensi ambayo ilionekana ameiandaa kwa siku nyingi. Stili akamwomba aihifadhi. Alikwenda ukutani, akaibandua karatasi yake, ambayo haikuhitaji nguvu, akaketi kwenye ndoo na kutoa kalamu. Alikata lengo la kwanza. Alikata la pili. Kwenye la tatu kalamu ilisimama muda mrefu, kisha akalikata nalo. Chini yake akaandika neno moja, akampa Nesi alisome kwa sauti.

“Kuambiwa,” Nesi akasoma.

“Mwaka mzima,” Stili akasema. “Nikikosea, mnaniambia palepale. Hata mbele ya bwana harusi. Atakayenificha tena, huyo na mimi basi.”

Aliwaeleza habari ya sikio kwa kifupi, kama mtu anayesoma tangazo. Kinyozi aliuliza kama ni kweli watu husikia hivyo, akaambiwa ni kweli, akasema basi afadhali, maana yeye alikuwa anadhani Stili amechoka kuwapenda. Shemeji akainuka. Alimletea ndoo nzuri zaidi, ile yenye mfuniko laini.

Stili alichukua pamba, akaiviringisha, akaliziba sikio la kushoto. Dunia ikaegemea upande mmoja. Alipachika kile kifaa cha kioo kwenye gitaa, akajikazia nyuzi mbele za watu bila kujali nani anatazama, kisha akakiondoa. Akamwomba Nesi azime kinanda, Kinyozi aweke fimbo chini. Akaanza ile sehemu ya katikati, peke yake.

“Uko juu,” Shemeji akasema kwa sauti yake ya darasani.

Stili akarudisha chuma nyuma, unene wa kucha.

“Juu kidogo bado.”

Akarudisha tena. Mkono wake wa kushoto ulikataa. Ulikuwa umezoea mahali pengine kwa mwaka na zaidi, na kila alipouacha ulirudi kule kule kama ng'ombe anayejua zizi. Jasho lilimtoka. Walikwenda hivyo saa nzima, sauti nane tu, juu, juu, sasa umeshuka, juu, na hakuna aliyecheka. Mara mbili alitamani kulifunga kasha na kutoka. Mara ya pili alikuwa ameshainuka nusu. Mkewe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na mkoba wake mkononi, hakumzuia wala hakumtazama. Alihamisha tu mkoba kutoka mkono huu kwenda ule. Stili akaketi.

Ilikuwa yapata saa kumi alipoteleza hadi sauti ile ya juu kabisa, akapita, akasikia mwenyewe kwamba amepita kabla mtu hajafungua mdomo, akarudi, akatulia. Uzi ulilia mpaka ukaisha.

“Hapo sawa,” Shemeji akasema.

Stili alimtazama shemeji yake usoni kwa muda, akitafuta huruma, akiitafuta kwenye macho na kwenye pembe za mdomo. Kisha akamgeukia Nesi.

“Ni kweli, au ananipa moyo?”

“Ni kweli.”

Akamgeukia Kinyozi, naye akaapa. Mwishowe akamtazama mkewe kule mlangoni.

“Rudia,” mkewe akasema. “Nikusikie tena.”